Kitabu na Picha

Mapenzi ni ya namna nyingi duniani, na moja lisilotajwa sana ni penzi la msomaji kwa mtungaji. Penzi hili halina posa wala mahari, na aghalabu mpendwa hajui kama anapendwa. Mtungaji yuko kwake na msomaji yuko kwake. Baina yao hapana kitu ila karatasi na wino. Walakini msomaji hukingoja kitabu kipya kama mke wa baharia angojavyo kuona tanga, na kitabu kikifika hufunga mlango, akasahau njaa na usingizi. Ni penzi jepesi kudumu kwa kuwa halidai kitu. Lakini hapana penzi lisilofikiwa na siku ya kuulizwa limezaa nini, na swali hilo humfika msomaji wa vitabu kama limfikavyo mtu mwingine ye yote.

Katika mji wa Dar es Salaam yuko mzee mmoja, karani wa zamani wa bohari, aliyeishi na penzi la namna hiyo kwa miaka zaidi ya 40. Nyumba yake iko Kariakoo, na kila siku jua likipoa hushuka Feri, mahali ambapo mlango wa bandari ni mwembamba hata watu walio ng'ambo, Kigamboni, huonekana kwa macho wakisubiri kivuko. Hapo mashua na ngalawa hufika alfajiri, samaki wakanadiwa kwa kelele; hapo vivuko huenda na kurudi mchana kutwa; hapo wakaangaji hukaa nyuma ya makarai yao katikati ya moshi na harufu ya mafuta. Mmoja katika wakaangaji hao, kwa miaka mingi, alikuwa dada yake mzee huyo. Siku hizi kazi ya moto imechukuliwa na binti zake na wajukuu. Yeye hukaa pembeni juu ya kibao, akahesabu fedha na kukosoa chumvi. Ndugu hawa wawili hunywa kahawa pamoja, kisha hurejea mjini kabla ya usiku.

Mtungaji apendwaye na mzee ni Adam Shafi, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1940. Kitabu chake cha kwanza, Kasri ya Mwinyi Fuad, kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1978. Cha pili, Kuli, kilifuata mwaka 1979. Karani, wakati huo kijana wa miaka 28, hakumjua mtungaji wala sifa zake. Alikinunua Kuli kwa ajili ya jina lake tu, maana jina hilo ndilo baba yake aliloitwa na mji mzima.

Baba huyo alikuwa mpakuzi wa meli. Kabla ya mwaka 1956, gati za kina kirefu zilipofunguliwa, meli kubwa zilitia nanga katikati ya bandari ya Dar es Salaam, shehena ikateremshwa katika matishali, na matishali yakavutwa mpaka pwani ambako makuli waliyapakua kwa mabega yao. Mwaka 1947 makuli hao waligoma, na mgomo wao ukaenea katika miji mingine ya Tanganyika. Mwaka uliofuata, 1948, waligoma wenzao wa Unguja. Habari za Unguja ndizo zilizozaa riwaya ya Kuli. Ndani yake kijana aitwaye Rashidi anaingia kazi ya bandari, na kwa taabu nyingi anajifunza ya kuwa mgongo mmoja hauna sauti, lakini migongo mingi iliyonyooka pamoja husikilizwa hata na walioziba masikio.

Karani alikisoma kitabu hicho kwa siku tatu, kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla yake: aliketi barazani usiku akamsomea baba yake, ambaye hakujua kusoma. Mzee hakuwa msemaji. Katika maisha yake yote hakuwa amewasimulia watoto wake habari za kazi iliyowalisha. Lakini usomaji ulipoanza aliinua mkono kila baada ya kurasa chache, kitabu kikanyamaza, yeye akaanza. Alieleza namna ubao wa tishali unavyoteleza ukilowa, namna vumbi la saruji linavyokula ngozi ya shingo, na namna watu walivyolala njaa siku za mgomo, wakachekeana ili wasilie. Kwa usiku kumi mwana alijifunza habari za baba yake kuliko alivyojifunza kwa miaka 28. Baba alifariki baada ya miaka michache, na tangu hapo karani aliamini ya kuwa Adam Shafi alikuwa akiandika habari za nyumba yake, ingawa hawakupata kuonana.

Mapenzi yalipokwisha kupata sababu kubwa kama hiyo hayakuweza kufifia. Yalisubiri. Kati ya Kuli na riwaya iliyofuata ilipita miaka 20. Karani alipata kujua ya kuwa mtungaji wake alikuwa mmoja katika waliotiwa gerezani baada ya kuuawa kwa Rais Karume wa Zanzibar mwaka 1972, habari ambayo baadaye ilizaa riwaya ya Haini ya mwaka 2003. Alivisoma vile vitabu viwili vya kwanza mara kwa mara mpaka majalada yakachakaa. Mwaka 1999 ilitoka Vuta n'kuvute, naye akainunua wiki ile ile aliyoiona.

Ni riwaya tamu. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja, anaozwa na jamaa zake kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mara tatu. Anakimbia. Jamaa wanamfungia mlango, lakini mwanamke mmoja wa Ng'ambo, Mwajuma, anamfungulia wake. Humo anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, ambaye kwa siri anapigania kuondoka kwa wakoloni, na polisi wanamwinda usiku na mchana. Mapenzi na siasa vinavutana kama kamba ishikwayo ncha mbili, na msomaji huvutwa pamoja nayo. Kiswahili chake ni cha mitaa ya Unguja, laini na chenye mzaha. Watu wake hawasemi kama watu wa kitabuni. Husema kama watu wanaosikika dirishani. Karani alikuwa akisoma ukurasa akaufunga, akacheka peke yake. Akasoma mwingine, macho yakamlowa. Alimwonea Yasmin huruma kubwa. Alimpa sauti, mwendo na namna ya kujifunika ushungi. Akakaa naye moyoni kwa miaka 20 na zaidi kama mtu akaavyo na jamaa aliye safarini.

Kwa sababu hiyo, habari zilipoenea ya kuwa Vuta n'kuvute imefanywa filamu, mzee hakufurahi. Filamu hiyo ilitengenezwa na Amil Shivji wa Dar es Salaam. Mwaka 2021 ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, huko Kanada, na mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za kimataifa, jambo ambalo nchi ilikuwa imelifanya mara moja tu kabla yake, mwaka 2001, kwa filamu ya Maangamizi. Wenzake wa baraza walimpongeza kana kwamba tuzo ni yake. Yeye alinuna. Aliona ya kuwa mtu mwingine anakwenda kumwonyesha Yasmin ambaye siye, na kwamba akisha kumwona huyo, wa kwake atafutika. Hofu hii si ya kipumbavu. Anayesoma hujenga nyumba kwa matofali yake mwenyewe. Anayemletea nyumba iliyokwisha jengwa humletea pia amri ya kuhama.

Filamu ilipokuja kuonyeshwa mjini, aliyekata shauri hakuwa mzee. Alikuwa mjukuu wa dada yake, msichana wa kidato cha sita, ambaye alikuwa akikisoma kitabu hicho shuleni kwa ajili ya mtihani. Alinunua tiketi tatu kwa fedha alizozitunza, akashuka Feri akasema mbele ya makarai, "Bibi, babu, Jumamosi tunakwenda sinema." Mzee alitafuta udhuru. Dada yake alikwisha kuinuka kwenda kunawa mikono, kana kwamba sinema ni siku hiyo hiyo.

Hapana budi kueleza ya kuwa bibi huyu alikuwa mwanafunzi wa sinema kabla ya ndugu yake kuwa mwanafunzi wa vitabu. Alizaliwa mwaka wa mgomo, 1947. Shule hakupelekwa, alisoma chuoni kwa mwalimu, na herufi za Kirumi alizipata ukubwani, katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, zikamtosha kusoma jina la basi na hesabu za duka. Lakini katika utoto wake mama yake alimchukua mara kwa mara kutazama picha za Kihindi katika kumbi za mjini. Siku hizo Dar es Salaam ilikuwa na Avalon, Empire, Odeon na nyingine, na mjini hapakuwa na furaha kubwa kuliko jioni ya picha mpya. Mother India, picha ya mwaka 1957, aliitazama mara tatu. Hakujua neno la Kihindi, wala hakulihitaji: alijifunza kusoma uso, kimya, mkono uliosita mlangoni. Mafunzo hayo yalikoma mwaka 1962 alipoolewa. Mumewe hakupenda mwanamke aingie sinema.

Basi walikwenda watatu, wakaketi gizani. Mzee alikuwa kama karani wa forodha. Alihesabu vilivyopungua. Kitabu kina watu wengi na kinavuka bahari mpaka Mombasa. Filamu ina muda wa saa moja na nusu hivi, nayo imeyachagua mapenzi ya Yasmin na Denge ikayaweka mbele ya mambo mengine yote. Mizaha aliyoipenda hakuikuta. Ikhlas Gafur Vora, aliyekuwa Yasmin, hakuwa na sauti ile aliyompa yeye. Gudrun Columbus Mwanyika, aliyekuwa Denge, alisema machache kuliko Denge wake. Lakini haki ni haki: Siti Amina, mwimbaji wa Unguja, alipotokea kama Mwajuma, mzee alisahau kuhesabu. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilipotokea vimelala katika mwanga wa taa hafifu, alikiri moyoni ya kuwa hakupata kuviona vizuri namna hiyo alipovisoma, kwa kuwa macho yake yalikuwa yakikimbilia ukurasa wa pili kujua nani amekamatwa.

Dada yake hakusema neno tangu mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa amejifunika ushungi mpaka kidevuni, mikono mapajani.

Walipotoka, msichana alikwenda kutafuta bajaji. Mzee alianza kutoa hukumu yake: hiki kimeachwa, kile kimebadilishwa, na katika kitabu jambo fulani ni refu zaidi. Dada alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu atajaye bei ya samaki:

"Mwenzangu alikuwa na Mwajuma, mdogo wangu. Mimi sikuwa naye."

Mzee hakujibu. Neno hilo lilifungua mlango ambao mwenyewe alikuwa ameukalia kwa miaka 60.

Dada yake aliozwa akiwa na miaka 15 kwa mfanyabiashara wa Ilala, mtu mwenye umri wa baba yao. Mwezi wa nne wa ndoa alirudi nyumbani usiku, kwa miguu, bila viatu. Baba yao, kuli yule aliyegoma mwaka 1947 na kulala njaa kwa ajili ya haki, alimtazama kwa muda mrefu, akasema mahari imekwisha liwa na heshima ya nyumba haichezewi. Aliamuru arudishwe kabla ya majirani kuamka. Aliyetumwa kumrudisha alikuwa mdogo wake wa miaka 11, mwenye kandili mkono mmoja na bahasha ya nguo mkono wa pili. Njiani dada alisimama. Alimwomba waache njia ya Ilala, washuke Feri, wangoje mashua ya kwanza ya alfajiri wavuke kwenda kwa shangazi yao Kigamboni. Mtoto alijibu, "Baba atanipiga." Wakaendelea na njia ya Ilala. Dada alikaa katika ndoa ile miaka 19 mpaka mumewe alipokufa, na mjane ndiye aliyekuja kuweka karai lake Feri.

Hayo yote mzee aliyajua. Hakuna aliyemficha. Lakini alikuwa ameisoma Vuta n'kuvute mara saba, akamlilia Yasmin mara saba, na hata mara moja machozi yake hayakugeuka upande wa kibao kile penye karai. Kuli alikipokea kama habari za nyumbani kwa kuwa kilimpa baba wa kujivunia. Vuta n'kuvute alikiweka mbali, kama habari za msichana wa Kihindi wa Unguja, maana kama angekileta karibu kingemwonyesha baba huyo huyo akitoa amri, na mtoto mwenye kandili akiitii. Msomaji huchagua kioo, na katika kioo huchagua upande wa uso. Kitabu hakimlazimishi, kwa upole wake kinamwacha apite anapotaka. Gizani katika ukumbi hakuwa na ruhusa ya kuruka ukurasa, wala hakuwa peke yake. Pembeni yake alikaa mtu aliyejua hadithi ile kwa mwili wake.

Yako maneno mengi yanayosemwa juu ya kitabu na filamu, lipi bora. Wapenzi wa vitabu husema filamu hupunguza, na wasema kweli. Lakini hapana budi kuuliza pia filamu humwongeza nani. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa kuli wa bandari ya Marseille, Ufaransa, kabla hajawa mtungaji. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1956, kilihusu kuli. Alipokwisha kupata jina kwa riwaya zake alikwenda Moscow mwaka 1962 kujifunza kutengeneza filamu, kwa kuwa aliona ya kuwa watu wa kwao aliowaandikia hawakuweza kumsoma. Mwaka 1968 aliifanya moja ya hadithi zake filamu, Mandabi, katika lugha yao ya Kiwolofu. Hakukiacha kitabu. Aliongeza mlango wa pili katika nyumba ile ile, ili aliyezuiwa na herufi aingie kwa macho na masikio. Huo ndio mlango alioingia bibi wa Feri, naye alipoingia alionyesha kitu ambacho mwenye nyumba hakukiona.

Siku ya tatu baada ya sinema, mzee alishuka Feri na kitabu kwapani. Hakuomba radhi, kwa kuwa hakujua maneno ya kuombea jambo la miaka 60, na dada yake hakumdai. Aliuliza tu, "Dada, nikusomee?" Bibi alisogea kwenye kibao akampa nafasi. "Soma," alisema, "lakini usiruke."

Tangu siku hiyo husoma kurasa nne au tano kila jioni, mnada ukiwa umekwisha na makarai yamepoa. Bibi huinua mkono kama alivyokuwa akiinua baba yao. Wakati mwingine hueleza, wakati mwingine hubisha. Hakubaliani na Denge katika mambo kadha wa kadha. Asema mwanamume mwenye siri nyingi ni mzigo hata kama siri zake ni za haki. Juu ya Raza alisema jambo ambalo mzee hakulitarajia: ya kuwa naye pia alidanganywa, maana walimwambia mke hununuliwa akaamini. Binti zake husikiliza huku wakisugua vyombo, na wachuuzi wawili watatu hukawia kuondoka. Mjukuu alishinda mtihani wake akaenda zake chuoni. Lakini akija likizo huuliza wamefika wapi.

Mzee hakuacha kuamini ya kuwa kitabu champita filamu. Yasmin wake bado ana sauti ile ile aliyompa mwaka 1999, wala picha haikuifuta kama alivyohofu. Isipokuwa sasa, msichana yule akifika mahali pa kukimbia usiku, mzee humwona hana viatu, na mbele yake yuko mtoto mwenye kandili. Hapo hupunguza mwendo wa kusoma. Vivuko huenda Kigamboni na kurudi, dada yake hungoja, naye huanza tena mstari pale alipousimamisha.